Wapendwa Wakazi, Rudini Ndani

4 Februari

Binti yangu Mama Maswali,

Ko, ko. Nimegonga meza mara mbili kama kawaida yangu, sasa naweza kuanza. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu mnasema naongea na nyinyi kama abiria.

Huku tu wazima. Goti langu linalalamika, na mama yako analalamika kuhusu goti langu, kwa hiyo nyumba haina ukimya. Wewe je, unakula, au bado unaishi kwa chai na biskuti?

Tamthilia yako tumeitazama sebuleni kwangu, jengo zima limejazana. Rafiki yangu Fundi Saa haoni siku hizi, lakini alikaa mbele kuliko wote, akisema amekuja kumsikiliza mwenzake. Sauti yangu uliyoirekodi ilipotoka kwenye spika za ule mji wako wa kubuni, "Wapendwa wakazi, rudini ndani, kila kitu kiko sawa," watu walicheka na kunipiga mabegani. Halafu wakaona yaliyowapata wale waliorudi ndani, kwamba hawakutoka tena, kicheko kikakatika. Mama yako alizima televisheni kabla haijaisha. Ameuliza mtoto tuliyemlea kwa mikono yetu amevitoa wapi vitu vya kutisha hivyo. Nimemwambia nitakuuliza.

Jambo moja limenikera. Mmekata ile ko-ko yangu. Sikuwahi kutangaza treni stesheni bila kugonga meza kwanza, kisha nichungulie dirishani kuhakikisha kwamba treni yenyewe ipo.

Baba yako

19 Februari

Shikamoo Baba,

Nakula, mwambie Mama asiwe na wasiwasi. Goti ulipake dawa, usilisimulie tu. Ko-ko ilikatwa na mtu wa mitambo, alidhani ni kelele ya kiti.

Nilivitoa wapi? Nilivitoa kwenu. Nilikuwa mdogo, nimekaa chini ya meza yako stesheni nachora, wakubwa wakaingia na kukuambia utangaze kwamba treni ya mchana imechelewa tu. Ofisi nzima ilishajua kwamba imeanguka. Uliwaambia kwamba dirishani huoni treni iliyochelewa. Wakakutupa stoo ya mizigo, hadi abiria walipolalamika kwamba hawaamini tangazo la mtu mwingine, ndipo wakakurudisha. Tangu siku ile nina hofu moja: ingekuwaje kama ungekubali? Tamthilia nzima ni swali hilo.

Studio wameitoa pia kwa vitabu vya katuni, na sasa kwa mchezo wa simu. Kwenye mchezo wameigeuza: sauti yako ikisikika, anayewahi kurudi ndani anapata nyota. Nimewaambia wameielewa kinyumenyume. Wamenijibu kwamba watoto wanaupenda.

Binti yako

8 Aprili

Mama Maswali,

Marahaba. Ko, ko. Tu wazima, ila leo nina swali mimi.

Jana nilikuwa napanda ngazi na mkate mkononi, nikasikia tangazo kutoka darini: "Wapendwa wakazi, maji yatakatika saa nane mchana." Ni mimi. Ni sauti yangu na pumzi yangu, hata ule mkwaruzo wa mafua yangu upo. Maneno hayo sijayasema maishani mwangu. Mkate uliniponyoka ukabingirika hadi chini.

Nimekwenda kwa msimamizi wa jengo. Anasema uongozi umeajiri kampuni ya ulinzi, na kampuni imefunga spika kila ghorofa. Nikamuuliza, nani anachungulia dirishani kabla ya kutangaza? Akacheka. Akasema inayotangaza ni kompyuta, na kompyuta haihitaji dirisha. "Mzee, si ufurahi, umekuwa maarufu." Saa nane maji yalikuwa yanatiririka kama kawaida.

Fundi amefurahi, anasema sasa ananisikia hata nikiwa sokoni. Na yule binti mdogo wa ghorofa ya pili anayeishi na bibi yake, tunayemwita Nyota kwa kuwashinda wenzake kwenye huo mchezo wa simu, akisikia spika tu anakimbia ndani na kunyoosha mkono juu kudai nyota yake. Watu wanamshangilia. Mimi nimeshindwa kucheka. Je, wewe ndiye uliyewapa sauti yangu?

Baba yako

22 Aprili

Shikamoo Baba,

Leo sikuulizi hata goti.

Si mimi. Studio ndio waliowauzia, bila kuniambia neno. Nimekwenda hadi ofisi ya hiyo kampuni. Meneja wake ni kijana mwenye tai, amenipokea vizuri, akaniletea chai, akasema yeye ni shabiki wangu na hajakosa hata sehemu moja. Nikamuuliza kwa nini wamechagua sauti hii. Akasema, "Kwa sababu kwenye tamthilia yako watu wanaitii."

Nikamuuliza kama aliona yaliyowapata mwishoni. Akasema, "Hiyo ndiyo sehemu ya kubuni."

Baba, niliiacha chai yake mezani nikatoka. Mimi nilikuwa napiga yowe la hatari, kumbe mwenzangu anatazama tangazo la biashara. Nimeshapata mwanasheria, lakini mambo haya huchukua muda. Kwa sasa waambie majirani kwamba wa kwenye spika si wewe. Waambie kwa mdomo wako.

Binti yako

2 Mei

Mama Maswali,

Ko, ko. Afya njema, moyo ndio umechoka.

Nimewaambia mlango kwa mlango. Tatizo ni kwamba nawaambia kwa sauti ileile. Wengine wanadhani nawatania, wengine wanadhani naona wivu kwamba spika inasikilizwa kuliko mimi. Fundi ameniuliza, "Sasa nimwamini wewe uliye mlangoni au wewe wa darini?" Tulicheka hadi akakohoa. Mwisho tumekubaliana: akisikia ko-ko ni mimi, asipoisikia ni yule mwingine.

Mwanasheria wako aharakishe.

Baba yako

17 Mei

Baba, Mama,

Nimeona jengo letu kwenye taarifa ya habari. Nimeona moshi ukitoka kwenye dirisha la ngazi. Simu hampokei, na msimamizi naye hapokei. Barabara imefungwa, polisi wamenirudisha nyuma. Nampa barua hii dereva wa gari la wagonjwa, ameniahidi kuwatafuta.

Niandikieni hata neno moja.

Binti yenu

29 Mei

Binti yangu,

Mama yako mzima, tuko kwa dada yake. Mimi nipo. Nisipopokea simu usidhani nimekasirika. Nitakueleza.

Ghala la rangi la nyuma ya jengo lilishika moto asubuhi, watu wakiwa wanajiandaa kwenda kazini. Wengi walikuwa wameshashuka uani kutazama. Nataka ulielewe hilo, kwa sababu mimi bado linanigomea kichwani. Walikuwa nje. Walikuwa wameshatoka.

Ndipo nikasikika: "Wapendwa wakazi, rudini ndani, kila kitu kiko sawa."

Watu wakageuka. Hawakusukumana, walirudi kwa utaratibu kama abiria wanaopanda treni. Watoto walitangulia mbio wakicheka, wanashindana nani atawahi, Nyota akiwa mbele na bibi yake nyuma akimfuata na mkongojo. Nilisimama mlangoni nikapiga kelele, "Tokeni, moto unakuja huku!" Jirani mmoja akanipita akasema, "Mzee, leo si siku ya mzaha." Na kila nilipofungua mdomo spika ilinizidi nguvu. Nilikuwa nafunikwa na sauti yangu mwenyewe.

Upepo ukageuka na moshi ukaingia kwenye ngazi. Nilimpeleka mama yako ng'ambo ya barabara, nikapanda. Fundi alikuwa ameshajifungia na kuziba chini ya mlango kwa taulo. Nilimwita. Akanijibu kutoka ndani, "Niache, rafiki yangu ameniambia nikae." Kwa hofu alikuwa amesahau makubaliano yetu, nikagonga mara mbili. Ufunguo ukazunguka saa hiyohiyo. Tulishuka ameshika mkanda wangu.

Niligonga na milango mingine kadiri pumzi ilivyoniruhusu. Lakini kwa wengine ko-ko ni mtu anabisha hodi tu, na walikuwa wameambiwa wasitoke.

Bibi yake Nyota hakutoka. Mshona nguo wa ghorofa ya tatu hakutoka, na wanawe. Yule jirani aliyeniambia nisifanye mzaha hakutoka. Nyota alibebwa na wazimamoto akiwa hai, amekumbatia simu yake.

Kampuni imetoa taarifa. Inasema mfumo ulifanya kazi kama ulivyopangwa. Nimeisoma, nimempa mama yako aisome, naye akanirudishia. Sijui mtu anapaswa kuhisi nini akisoma maneno kama hayo. Mimi nimeshtuka, na mshtuko haujanitoka hadi leo.

Baba yako

10 Juni

Shikamoo Baba,

Nashukuru mko hai. Nimelia, nimenyamaza, nimelia tena, na sijaandika hata mstari wa kubuni tangu siku ile. Sitaki.

Imeundwa tume ya kuchunguza moto. Wa kampuni watakuja na mawakili wao, na wanasema sauti ile haina mwenyewe, imetengenezwa na mashine. Nakuomba uje useme mbele yao. Huhitaji kueleza sana. Fungua mdomo tu, useme jina lako, wote wasikie wenyewe. Kisha waambie kuhusu dirisha.

Mama anasema huongei. Baba, ukinyamaza, yule wa kwenye spika ndiye atakayebaki anaongea peke yake.

Binti yako

24 Juni

Binti yangu,

Goti halijambo. Mama yako anakusalimu.

Ombi lako nimelifikiria. Nilikuwa nimeamua kuja. Nilikwenda hata kunyoa, na Fundi akaahidi kukaa kando yangu na kunigongea meza endapo nitakwama. Spika za jengo letu zilishaondolewa, yamebaki matundu darini, nikajiambia basi, sauti yangu imenirudia.

Asubuhi nilimkuta Nyota. Siku hizi anaishi kwa mama yake mdogo, mlango wa tatu kutoka hapa kwa shemeji yangu. Alikuwa nje peke yake, anadundisha mpira ukutani. Nilifurahi kumwona juani, na kwa furaha nikajisahau. Nikamwambia, "Hujambo, Nyota."

Aliuacha mpira palepale. Hakulia, wala hakunitazama. Aligeuka, akaingia ndani mbio, na nikasikia komeo likifungwa.

Nimeuokota mpira wake. Nilitaka kumwita atoke. Ningemwita kwa sauti ipi?

Baba yako