Udi Katika Nguo za Kipa

Birkat al Mauz
Jumamosi asubuhi

Mama yangu,

Nakushika miguu, na mkono wako naubusu kwa mbali. Magoti yanasemaje? Yule daktari mpya kakupa dawa ya kuchua, au bado anakuzungusha? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Joto limepungua, mfereji wa falaji umejaa maji, na ndizi za bustani ya chini wameshazikata. Lakini uzima wangu ni wa mwili tu. Moyo unanichemka, na nimeshika kalamu kwa sababu hili nikikueleza kwenye simu nitapiga kelele mpaka majirani watoke nje, nawe utaniambia, "Zuwena, punguza sauti." Kwenye karatasi napiga kelele nitakavyo.

Ni mambo ya mjukuu wako Haitham na mchezo wake wa magongo juu ya barafu. Ulicheka mpaka ukakohoa nilipokwambia mara ya kwanza. Barafu gani Oman, ulisema, ya kwenye friji? Basi ipo, Maskati, uwanja mzima ndani ya jumba, na kila Ijumaa baba yake akirudi kutoka kazini kwake Sur humpeleka. Wanateleza kwa viatu vyenye visu chini, wanagombea kisahani cheusi kigumu kama jiwe. Haitham ni kipa. Anasimama golini kavaa mapedi, utadhani godoro lililofungwa kamba, na kile kisahani kinamjia usoni naye hakimbii. Mtoto aliyekuwa akiogopa kuku, Mama!

Mwezi uliopita klabu yao ilialika vijana kutoka nchi mbalimbali kwa mashindano ya daraja la pili. La kwanza ni la wale waliozaliwa na theluji mlangoni. La pili ni la wanaojifunza kama sisi, lakini atakayelishinda anapandishwa, mwakani anakwenda kucheza na wakubwa. Vijana wetu walishinda mechi zote za mwanzo, na Haitham ndiye aliyewabeba. Ikabaki moja.

Sasa nisikilize vizuri. Nguo za kipa zinanuka. Simvunjii heshima mwanangu, zinanuka kweli, jasho la mwaka mzima limeingia ndani ya sponji. Kesho yake ndiyo mechi ile ya mwisho, wageni wametoka mbali, watu watakaa kutazama. Mimi nimwache mtoto atoke na harufu ile? Nikazifua, nikazianika, zilipokauka nikazilaza juu ya tenga, nikaweka chetezo chini na udi ule ulioniletea wewe. Mapedi, glavu, fulana, vyote. Nilifanya kama ulivyokuwa ukinifukizia sare yangu kila siku ya mtihani. Sikusoma kitu wala sikutia kitu. Nilifukiza nguo, basi.

Kumbe udi ukiingia kwenye sponji unalala, na mtu akitoka jasho unaamka. Mchezo haujachangamka, harufu imejaa golini. Kijana mmoja wa wageni akapiga chafya, akaanza kukohoa. Mwalimu wao akauliza, kwa adabu kabisa, hiki ni kitu gani, maana kijana wake ana kifua. Wageni siwalaumu. Mtu hajui, anauliza.

Aliyetakiwa kujibu ni msimamizi wa timu yetu, Ustadh Khalfan. Huyu mama yake kazaliwa Wete. Akija kwangu hunisabahi kwa Kiswahili cha Pemba kilichonyooka, anakula mkate wa kumimina mpaka anaramba vidole. Na siku ile mwenyewe kilemba chake kilikuwa kinanukia udi kutoka kule alikosimama mpaka kwangu! Angesema neno moja tu: hii ni desturi yetu, tunafukiza nguo. Hakusema. Alicheka, akawaambia kwa Kiarabu mbele ya vijana wote, "Mama yake ni Mzinjibari. Hizo ni sihiri zake za kufunga goli." Kisha akamtoa mtoto nje.

Nilikuwa nimekaa karibu, nikasikia kila neno. Vijana wakacheka. Kipa wa akiba akaingia, maskini hata kusimama sawasawa hajui, wageni wakafunga mpaka nikaacha kutazama. Kupandishwa kukaishia hapo. Na mchezo ulipokwisha, wale wale waliokuwa wakimbeba Haitham mabegani wakahamisha mabegi yao mbali na lake. Mmoja akamwita mchawi. Mtoto akavua viatu vyake, akaja garini, na tangu siku ile hajarudi uwanjani.

Mama, mimi nimezoea kuitwa Mzinjibari. Nimeitwa sokoni Nizwa, nimeitwa harusini. Wananikumbusha nilikotoka kana kwamba nimesahau. Lakini uchawi! Kwa udi! Nyumba gani ya Oman haina chetezo? Nilimwambia baba Haitham ampigie simu yule mtu siku ile ile. Akanambia, "Tuyaache, Zuwena, tusikuze maneno." Unamjua mkweo, hata akikanyagwa mguu huomba radhi yeye. Nilimnunia, na chai yake alijipikia mwenyewe.

Ijumaa ya wiki iliyopita, baada ya sala, nani anabisha hodi? Ustadh Khalfan. Nikamkaribisha, maana aliyeingia nyumbani kwangu ni mgeni. Halua ikaletwa, kahawa ikaletwa. Akazunguka na habari za mvua na za tende, halafu akafika.

"Bi Zuwena, yale yameshapita. Yalikuwa maskhara tu, wallahi. Haitham tunamtaka arudi, yule mwengine hatufai. Ila vijana wana khofu kidogo. Basi yeye aje aseme mbele yao kwamba mama yake amekoma, hatofanya tena. Neno moja tu, khalas."

"Nimekoma nini, Ustadh?" nikamuuliza.

"Aa, Bi Zuwena, unajua mwenyewe."

Nilikwenda jikoni nikawasha chetezo. Wewe unajua, na yeye anajua, kwamba hapa udi ukishapitishwa baraza limekwisha, mgeni ananyanyuka. Nikakiweka mbele yake. Na wallahi, Mama, mkono wake ulikwenda wenyewe. Alikivuta karibu, akaingiza moshi kwenye ndevu, akainua ncha ya kilemba. Ndipo akaona tunamtazama. Alikirudisha chini polepole. Baba Haitham, yule yule asiyetaka kukuza maneno, akasema, "Fukiza na upande wa pili, Ustadh. Usiogope."

Haitham alikuwa amekaa karibu na mlango. Kiswahili chake unakijua, kimekatikakatika, lakini alikisema: "Ammi, wewe ulisema maneno ile mbele ya watu. Njoo useme mbele ya watu ile ile, mama yangu alifua nguo yangu. Ukisema hivi, mimi narudi kesho. Usiposema, tafuta kipa mwengine."

Khalfan alitafuta viatu vyake, akaenda zake. Mpaka leo hajapiga simu. Tumesikia wameleta kipa kutoka Dubai.

Hilo ndilo linalonila. Mtoto huyu anaupenda mchezo ule kuliko chakula. Juzi nimemkuta stoo amevaa glavu zake, amesimama tu, anaufungua na kuufunga mkono. Nikavunjika. Nikamwambia, mwanangu, mimi nitakwenda Maskati, nitasema nimekoma, nijishushe yaishe, urudi kwenye barafu yako. Kwani mimi nitapungukiwa nini?

Akavua glavu. Akanambia, "Mama, ukiomba radhi itakuwa kweli."

Basi sikwenda.

Nisalimie kaka mkubwa na mkewe, na shangazi wa Mkunazini umwambie kanga zake zimefika. Mwalimu wangu wa chuoni, kama bado anasomesha, mpe mkono wangu. Wewe nakuomba dua, umuombee Haitham hasa, umtaje kwa jina lake na la babake. Barua anakuletea jirani yangu anayekuja kuwaona wazee wake. Mpe chai, na akikuuliza kwa nini nilikuwa nalia nilipompa, mweleze yote, kwa sauti kubwa.

Mwanao anayekupenda, mwenye hasira zake,
Zuwena