Moduli Zako Zilikuwa Kwenye Majivu ya Mama

Mpendwa kaka Merisho,

Nimekukasirikia. Salamu utazikuta chini.

Unakumbuka chumba cha kompyuta, jinsi ulivyonifundisha kuandika programu kwa lugha ya Python huku nikiogopa hata kubonyeza? Machafuko ya Burundi yaliwaleta wewe na mama yako kwetu Mbuba, mkawa watu wa nyumbani. Ulitengeneza programu ya mitihani ya zamani ukaiweka kwenye seva, ile kompyuta kuu ya shule, na darasa zima likawa linasoma maswali kwenye zile kompyuta chakavu badala ya kugombania kitabu kimoja. Ukaniambia kuhusu vile vipande vidogo vinavyoiendesha, "Moduli ni kama wageni wa harusi, mdogo wangu. Hakuna anayekuja peke yake."

Nilicheka. Sasa sicheki.

Mlirudi Burundi nikiwa shuleni, hata kuagana hatukuagana. Baadaye diski ya seva ikafa. Tukapata nyingine, tupu. Programu yako nilikuwa na nakala yake, lakini Python yenyewe na moduli zake sikuwa nazo, na shule haina intaneti. Mkuu wa shule akasema, "Seva isipowaka kabla ya mitihani ya majaribio, naihamishia ofisini ichape barua." Kidato cha nne wakanitazama mimi, mimi ambaye hata kujibu "nipo" darasani naona aibu!

Nikawa naenda Ngara mjini na flashi. Napakua moduli moja, narudi, seva inadai nyingine. Naifuata hiyo, inadai dada yake. Kijana wa duka la intaneti akinitazama tu anaanza: "Binti, umerudi? Hizo moduli zako zina ukoo mkubwa kuliko wetu!" Mwishowe nikazipata zote, nikarudi nikitembea kwa maringo. Seva ikazikataa. Zilikuwa za aina ya kompyuta ya dukani, si za aina ya seva yetu. Nililia nyuma ya maabara, kaka, na kiatu kimoja kilikuwa kimekatika.

Kisha mvua ya kupandia ikanyesha. Mama akashusha kibuyu cha mbegu za maharage kutoka darini, akamimina kwenye ungo mbegu na yale majivu yanayozikinga na wadudu. Ndani, imefungwa kwenye nailoni, ilikuwa flashi yako.

"Mama! Hii umekaa nayo tangu lini?"

"Tangu kaka yako alipoondoka. Alisema nikupe, niitunze kama mbegu."

"Sasa mbona hukunipa?"

"Mwanangu, mbegu hutolewa kabla ya mvua? Ungeimaliza."

Nikakimbia shuleni nikiwa na majivu mikononi. Vyote vilikuwemo: Python ya toleo lile lile, moduli zote na koo zao. Hakuna hata moja iliyogoma. Ukurasa ulipofunguka ukiwa na salamu yako ya asubuhi ya Kirundi, "Mwaramutse", kidato cha nne wakapiga makofi. Mkuu akachungulia dirishani, akaguna, akaenda zake. Seva imebaki.

Lakini kaka, ulishindwa nini kumwambia Mama, "Mpe leo"? Umekula ugali wake miaka yote hiyo, hukumjua?

Nimetoa nakala. Flashi yako Mama ameirudisha kwenye majivu, hataki mtu aiguse. Anasema mbegu ya mtu humngoja mwenyewe, na kila jioni ananiuliza utakuja kuichukua lini. Mimi nimechoka kumjibu. Njoo umjibu wewe.

Nakusalimu, na mama yako mpe shikamoo yangu.

Mdogo wako wa Mbuba, mwenye seva inayowaka