Tawi Lisilokauka

Kitshanga, wiki ya Noël

Kwako mudogo wangu Adelaïde, huko Butembo,

Ninakusalimia sana, wewe na bwana yako na watoto wote wa nyumba yako. Mugongo wako namna gani? Umeacha kubeba mizigo ya duka wewe mwenyewe, ao ungali kichwa ngumu kama zamani? Mimi niko na afya, Mungu asifiwe. Maharagi imetoka muzuri, na risasi tunasikia kwa mbali tu, kama muntu anayepasua kuni kwa jirani. Mwezi huu wote nimelala kwangu, sijakimbia. Apollinaire, dereva wetu wa camion ya mizigo, njo anakupatia hii barua mukononi. Usishangae kuona karatasi. Soma mupaka mwisho, tena usome ukiwa peke yako.

Kwanza ile tablete, ile simu pana ya kioo. Ungekuwa hapa siku Apollinaire aliiteremusha! Mwanangu Archange, toka kwako Butembo, kunitumia kitu kikubwa vile! Katika kartie yetu, mutaa huu wote, hakuna mama mwengine iko nayo, hata mabibi ya wenye ng'ombe. Jirani yangu Mukashema aliniuliza kama ni sahani ya kuandalia bugali. Nilimujibu kwamba kila muntu anaandaa chenye iko nacho: yeye bugali, mimi mutoto mwenye diplome. Alicheka, akaniambia basi nisisahau kumutilia mutoto mboga.

Valens, yule ananyoa watu karibu na soko na kuchaji simu zao kwa jua, njo ananifungulia video za Archange zenye unatuma. Alinionyesha kwamba redio iko ndani, tochi iko ndani, nyimbo za kanisa ziko ndani. Basi redio yangu nikamupa Mukashema, simu ndogo nikaigawa pia. Siku ya Mungu, kisha misa, nilikuwa ninaibeba kifuani kama muntu anayebeba mutoto wa ubatizo.

Lakini kuna kitu hakikunipendeza tangu mwanzo. Katika video ya kwanza Archange alisema eti hataandika tena, eti karatasi inaloa mvua na inapotea kwa vizuizi vya njiani. Akasema hata barua zake za zamani Valens azipige foto, kisha mimi nizitupe, zisinilemee siku ya kukimbia. Foto, sawa. Kutupa, nilikataa. Wakati tulikimbia mbele ya Pasaka niliacha nyungu na godoro, lakini barua za mwanangu nilizifunga tumboni chini ya kitenge. Ni nani alimuambia kama zinalemea?

Unajua namna alikuwa anaandika. Ukimuuliza ng'ombe, anajibu ng'ombe. Ukimuuliza jino, anajibu jino, tena anaongeza kichekesho. Nikaomba Valens akamate sauti yangu na kukutumia, nikamuuliza Archange kama lile jino bovu liling'olewa, na kama yule binti wa duka angali anamuchekea. Video ikafika kwa Asomption, sikukuu ya Mama Maria ya mwezi wa nane: eti sikukuu njema, Mama, ninakula muzuri, usiogope. Jino hakuna. Binti hakuna. Na wewe uliandika chini yake kwamba kazi imemuzidi. Moyo wangu haukulala.

Kisha Mukashema akatoka Kalembe, kwenye alienda kulima kwa ndugu zake. Akanivuta nyuma ya nyumba, akaniambia pole pole ya kwamba alimuona Archange kule, amekonda, bunduki kwa bega, katikati ya vijana wa pori. Alimuita jina, kijana akageuza uso. Adelaïde, nilimutukana mbele ya watu! Nilisema wivu itamuua, na kwamba macho yenye haiwezi kutia uzi katika sindano haiwezi kujua mutoto wangu. Nikawasha tablete, nikaizungusha kwa wote: huyu hapa, Butembo, shati nyeupe, mashavu kama mandazi! Walimucheka Mukashema mupaka akaingia kwake na kufunga mulango. Wewe unajua sababu gani nilikutumia huyu mutoto. Watu wa bunduki walikuwa wanapita hapa nyumba kwa nyumba kukamata vijana. Nilimulaza mimi mwenyewe chini ya turubai, katikati ya mifuko ya viazi ya Apollinaire, ili asibebe bunduki ya muntu yeyote.

Sasa video ya Noël imefika. Shati ya buluu safari hii. Niliitazama nikilia kwa furaha. Halafu nikaona, juu ya mulango wako, nyuma ya kichwa chake, lile tawi la ngazi, ule muti wa mawese, lenye padri anabariki Siku ya Matawi, wiki moja mbele ya Pasaka. Mama yetu njo alitufundisha kulitundika vile. La kwangu liko juu ya mulango hapa, limekauka, linafaa kuwashia moto. La kwako ni kijani. Nikamuambia Valens arudishe ile ya Asomption: kijani. Ile ya kwanza: kijani, na jani moja limevunjika, limelala upande uleule katika zote. Shati alibadilisha. Mulango hakubadilisha.

Muliketi siku moja, wewe na yeye, wakati wa Pasaka, mukatengeneza sikukuu zangu zote za mwaka. Kisha akaenda, na wewe ukanipa moja moja, kama dawa ya kinini kwa mugonjwa. Ninajua yeye njo alikuomba, hapendi nilie. Pengine alisikia namna tulikimbia, akakuja kunilinda kwa bunduki, huyo mupumbavu wangu muzuri.

Nikuambie chenye sijaambia hata padri. Watu wanakuja kutazama Noël ya Archange, na mimi ninawaonyesha, ninamusifu. Lakini ninaikamata na kidole gumba juu ya kile kipembe cha kioo, tawi lisionekane. Jana Mukashema alikuja akasimama nyuma ya wengine. Nikaondoa kidole. Alitazama, akapita katikati ya watu, akanishika mukono. Hakunicheka. Atanipeleka Kalembe. Tunangoja tu Apollinaire arudi na jibu lako, sababu ninataka kujua mbele ya kutoka kama ninaenda kutafuta mutoto ao kaburi.

Tablete ninakurudishia katika hiki kitenge, pamoja na bic ya kuandikia na karatasi safi. Kama uko na njia ya kumufikia, aandike kwa mukono wake, hata neno moja, na anijibu habari ya jino. Kama njia haiko tena, ukuje wewe mwenyewe, uketi mbele yangu, uniambie kwa kinywa chako. Siku mutoto atarudi, unirudishie tablete yangu. Bado hakuna mama mwengine iko nayo hapa.

Usalimie wote wa nyumba, na mugongo wako uupake mafuta ya moto. Siko na kasirani nawe. Apollinaire akifika kwako, usimukawishe.

Ni mimi mukubwa wako Augustine, mwenye hapa wote wanaita

Mama Archange