Doa Ulilotuonyesha Kwenye Jua

Baba yangu,

Shikamoo. Ungekuwepo ungeitikia kabla sijamaliza neno, kisha ungeniuliza kama nimekula. Nimekula. Nimekula makande ya shughuli yako siku mbili mfululizo, maana unamjua mama na sufuria zake. Jana tumekujengea kaburi. Kaka Elia alitaka marumaru nyeusi, mama akakataa, akasema nyeusi inachemka mchana na wewe jua lilishakutosha. Basi tumeweka ya kijivu. Limependeza.

Nimekaa barazani kwenye nyumba yetu ya huku juu milimani, Makanya yote iko chini yangu na vumbi lake, na nimevurugika. Kwa karibu miaka thelathini nimekuwa na swali moja ambalo sikuthubutu kukuuliza ukiwa hai: je, ni mimi niliyekupofusha? Jana nilidhani nitapata jibu. Nilichopata sijui hata nikiite nini.

Ngoja nianze kule tulikoanzia, kwenye studio yako pale Same, chumba ambamo sasa nashonea nguo. Mkanda wa kamera yako ulikuwa na picha thelathini na sita. Thelathini na tatu ulizipiga za watu: pasipoti, harusi, watoto wa kipaimara waliovalishwa viatu vya kaka zao. Tatu za mwisho hakuna aliyezigusa. Hizo zilikuwa za jua. Mama alikuwa akikuuliza, "Hivi hilo jua linapata kipaimara lini?" nawe ulicheka kuliko sisi sote.

Kila kiangazi tulipopanda huku kwa mwisho wa juma, ulinichukua jioni mpaka pale mwambani nyuma ya nyumba. Upande wa machweo tambarare yote ilikuwa imefunikwa utando wa vumbi, na jua likiingia ndani yake liligeuka duara jekundu lisilochoma macho. "Subiri," ulikuwa ukiniambia. "Jua lenye hasira halipigwi picha. Acha vumbi lilipoze kwanza." Ukanifundisha kwamba ndani ya utando ule lenzi haina pa kushika, kila kitu ni maziwa, kwa hiyo uikaze kwenye ukingo wa jua lenyewe. Kazi yangu ilikuwa kushika kofia yako kando ya lenzi ili mwanga wa pembeni usiingie. Niliishika kwa mikono miwili na sikupumua mpaka nisikie kamera imelia. Hakuna kazi niliyowahi kuipenda vile.

Jioni ile nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ulishusha kamera, ukatazama kwa macho matupu, ukainamisha kichwa. "Unaliona doa?"

"Doa gani, baba?"

"Kwenye jua. Chini kidogo, kushoto."

Nilitazama. Jua lilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Nikatazama tena, nikakutazama wewe. Ulikuwa unanisubiri. Baba, ulinilea mwenyewe na unajua ulinilea vipi: mkubwa akisema kuna kitu, kipo. Tena ulikuwa umeniuliza mimi, siyo kaka. Nikasema, "Naliona."

Kama ningeishia hapo labda nisingekuwa nakuandikia. Lakini uso wako ulivyong'aa ulinilevya, nikaongeza, "Kama punje ya mtama."

"Punje ya mtama!" Ulipiga kofi. "Ndilo hilo hasa!"

Kuanzia siku ile punje ya mtama ilikuwa yetu. Uliwaambia wanakwaya, fundi baiskeli, na wateja waliokaa tayari kwenye kiti cha picha wamekodoa macho. Kiangazi kilichofuata tulirudi mwambani ukaniambia limekua. Nikaitikia, limekua. Njia ya mwongo ni fupi, nimeisikia maisha yangu yote. Ya kwangu mbona ilinyooka tu?

Kisha ukaanza kukata watu kwenye picha. Mwalimu wa kwaya alikuja studio na picha ya vijana wa kipaimara, akaiweka mezani bila salamu. Vijana wawili wa mwisho upande wa kushoto walikuwa wamebaki mabega. Ulimwambia walisogea. Mwezi haujaisha mama akakupeleka hospitali ya macho, nami nikaja kukubebea mfuko.

Nakumbuka kiti cha daktari kilikuwa na gurudumu bovu. Alikuuliza, "Mzee, hilo doa umeanza kuliona lini?"

Ukasema, "Mwezi uliopita."

Baba! Viangazi viwili vizima! Nilikuwa nimekaa karibu nawe hivi, goti langu linagusa lako. Ningeweza kusema. Nikatazama lile gurudumu. Daktari akakuuliza kama una tabia ya kutazama jua, ukamwambia unalitazama likiwa ndani ya vumbi, wakati haliumi. Akatikisa kichwa. Alisema vumbi linaondoa ukali tu, madhara yanabaki, na jicho halina namna ya kujua. Tena akasema huenda si jua, huenda ni ugonjwa uliokuja wenyewe, hawezi kuapa. Alichoweza kuapa ni kwamba mtu akiwahi mapema huwa kuna kinachookolewa, na wewe umechelewa.

Kwa nini ulisema mwezi uliopita? Siku nyingine naamini ulikuwa unanifunika mimi, kwamba ulishajua sikuona kitu. Siku nyingine nasema hapana, ni mpiga picha aliyeona aibu kukiri macho yamemsaliti. Nimeyabeba mawazo hayo mawili mpaka yamelingana uzito.

Giza lilipokuja lote, ulilipokea vizuri kuliko sisi. Ulikaa mlangoni pa studio ukiwatambua watu kwa miguu yao. Na kila tulipokusanyika, Krismasi, msiba, ubarikio, ulisimulia lile lile: duniani kuna watu wawili tu waliowahi kuliona doa la jua kwa macho yao, wewe na binti yako. "Waambie lilikuwaje," ulikuwa ukisema. Nami mtu mzima, mama wa watoto, nikasema kama punje ya mtama. Watu walicheka. Nilikwenda jikoni kila mara nikajifanya natafuta chumvi.

Sasa sikia kilichonichanganya zaidi. Mwaka huu vumbi limekuwa zito, na wiki iliyopita nilipanda mwambani na simu. Nilifuta lenzi kwa pindo la kanga. Nikaligusa jua kwenye kioo, nikashusha mwanga mpaka tambarare ikawa nyeusi na jua likabaki peke yake. Nikapiga, nikaikuza picha. Kushoto, juu kidogo, kuna doa.

Nilikaa chini. Nikafuta lenzi tena, nikapiga tena, bado lipo. Kesho yake nilirudi, nikalikuta limesogea. Nikampelekea picha mwalimu wa fizikia wa sekondari ya hapa, akacheka kidogo. "Jua lina madoa, dada. Yanakuja na kuondoka. Makubwa mengine huonekana hata kwa macho kukiwa na vumbi hivi, ila usijaribu."

Kwa hiyo labda uliliona kweli! Labda asiyekuwa na macho pale mwambani ni mimi, na uongo wangu ulikuwa kweli bila mimi kujua. Nilifungua kopo lako la negativu za mikanda ile, nikaishika ya mwaka ule dirishani. Kuna doa. Lakini ukungu umezila negativu zote, kuna madoa hata kwenye paji la uso la mwalimu wa kwaya. Sijui nitamani lipi: kwamba ulikuwa sahihi, au kwamba nilikosa. Nikitamani la kwanza naona najipendelea.

Jana, baada ya sala, Elia alisimama na ile sauti yake ya ushereheshaji. "Sasa dada atatusimulia doa la jua." Watu wakaanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo. Nikasimama kando ya kaburi lako.

"Mimi sikuliona," nikasema.

Elia akadhani natania. "Dada, simulia vizuri bwana."

"Sikuliona, kaka. Nilikuwa mtoto. Baba aliniuliza nikamwambia ndiyo. Akaamini doa liko juani, siyo jichoni mwake, akachelewa hospitali."

Mchungaji akatazama viatu vyake. Nilingoja mtu anikemee, nilitamani kabisa anikemee. Mama alikuwa amekaa mkekani, akajifunga kanga upya, taratibu.

"Hata mimi nilimwambia naliona," akasema.

"Lini, mama?"

"Mwaka huo huo. Alinipandisha mwambani na mgongo wangu huu. Sikuona kitu. Nikamwambia, ndiyo, Baba Elia, lile pale. Alikuwa na furaha. Ningemjibu nini?"

Elia akasema, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa wadogo, "Mimi nilimwambia yapo mawili."

Watu walicheka, baba. Waliangua kicheko, mimi mmoja wao, halafu kicheko kikakatika chenyewe na mama akaanza kulia.

Nilidhani kosa likigawanywa kwa watatu litapungua. Halikupungua. Tangu jana najiuliza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria, kwa sababu nilidhani uliniuliza mimi peke yangu. Ulituuliza wote, ingawa mbele za watu ulinitaja mimi tu, labda kwa ile punje ya mtama. Mmoja mmoja, kila mtu kwa wakati wake, bila mwingine kujua. Mtu mwenye hakika na anachokiona haulizi watu watatu.

Huenda nakosea tena. Huenda lilikuwepo kweli na ulitaka tu kila mmoja wetu alifaidi. Ndivyo ulivyokuwa na kila kitu kizuri. Lakini nikiikumbuka sauti yako ya jioni ile, naisikia vingine sasa. Hukuwa unanionyesha, baba. Ulikuwa umeogopa, na ulikuwa unaniuliza.

Na nyumba nzima, kwa kukupenda, ilikuitikia ndiyo.

Pumzika, baba. Mimi bado sijaweza.

Binti yako