Ukimaliza na Mama

Mirdif, Dubai
Jumapili ya pili ya Majilio

Mpendwa Baba,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta barazani na kikombe chako cha kahawa, na goti limepunguza hasira. Mimi ni mzima wa mwili. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu huipekua madam Najla, mwajiri wangu, kila Ijumaa. Desire, mfanyakazi wa nyumba ya jirani anayekuja huko nyumbani Krismasi, amekubali kuficha karatasi hii kati ya nguo zake.

Umeniuliza mara tatu kwa nini sirudi wakati mkataba uliisha tangu Juni. Nilikujibu bado kidogo. Ukweli ni kwamba pasi yangu ya kusafiria iko kabatini kwa madam, na nilipoiomba alisema khalas, yaani basi, nitapewa nikimaliza na Mama. Huyo Mama ni Bibi Hilwa, mama mkwe wake, mzee wa Kiunguja wa miaka themanini na nne, hajainuka kitandani tangu apate kiharusi. Alikataa wasichana wanne kabla yangu kwa kuwa hawakujua Kiswahili. Mimi namwosha, namlisha, namgeuza. Kumaliza naye maana yake unaijua, ila humu ndani hakuna anayeitamka.

Mjukuu wake, Nada, anasoma shule ya mtaala wa Kimarekani. Mwezi uliopita alipewa insha ya kuwalinganisha George Washington na Thomas Jefferson, maisha yao na uongozi wao. Madam akakumbuka kwamba nilikuwa mwalimu wa historia, jambo ambalo husahau mpaka itokee kazi. Akasema yalla, haya upesi, Resty, msaidie. Kumsaidia kwenyewe ni kuiandika yote, huku nakunja nguo.

Nilisikia sauti yako ya darasani kule Kamachumu: linganisha na utofautishe. Ulitufundisha kwamba Washington alikuwa mkubwa kwa sababu aliachia kiti baada ya vipindi viwili, na Jefferson alikuwa mkubwa wa kalamu, maana ndiye aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa. Hukutufundisha, Baba, au labda mimi nilisinzia, kwamba wote wawili walimiliki watumwa. Jefferson alikuwa na zaidi ya mia sita katika maisha yake, akawaacha huru wachache mno, na alipokufa wengi wa waliobaki wakapigwa mnada. Washington aliandika katika wosia kwamba wa kwake wawe huru, ila baada ya mke wake kufa. Mwalimu wa Nada alisifu sana hitimisho, kwamba Washington alimzidi mwenzake kwa utu. Hitimisho hilo niliandika mimi, nimeuma meno, kwa sababu nilijua ndilo wanalolitaka.

Bibi naye akataka kusikia insha iliyomletea mjukuu wake sifa. Kiswahili cha Nada ni cha kuombea maji tu, kwa hiyo nikaitwa nitafsiri. Nilipofika kwenye wosia ningeweza kuruka. Sikuruka. Nilitafsiri polepole, neno kwa neno, nikimtazama usoni, maana nilitaka imuume. Akauliza watu hao walikuwa wangapi. Nikamwambia zaidi ya mia. Akauliza nani alikuwa akimpikia yule mjane. Nikamwambia ni hao hao, na kwamba inasemekana alihofia uhai wake, ndiyo maana akawaachia huru mapema, mwaka mmoja tu baada ya mumewe kufa.

Kesho yake alimwita mwanawe, sir Yaqoub, akamtaka anipe pasi yangu siku ileile. Nilikuwa nimeshika beseni, nikasikia yote. Sir alicheka, akambusu kwenye paji la uso, akamwuliza sasa nani atamwosha. Alipotoka akaniambia Mama ameanza kuchanganyikiwa. Bibi hajachanganyikiwa hata kidogo. Tangu siku hiyo hanywi uji wangu mpaka nionje mimi kwanza.

Baba, nimezunguka sana. Kanisani sijaruhusiwa kwenda tangu Pasaka, kwa hiyo naungama kwako. Wiki moja kabla ya insha ile, kidonge chake cha moyo cha saa sita mchana nilikitia mfukoni mwa aproni. Nikakaa kando yake namsikiliza anavyopumua, nikiwaza mvua ya Kamachumu na migomba yetu. Ilipofika saa tisa nikakitoa mfukoni, nikampa. Alikimeza, akanishukuru, akaniita mwanangu. Sijui kama aliona. Ana haki ya kunionjesha uji.

Nisalimie mama mdogo, na kaka Gibson na watoto wake. Mwambie asiuze baiskeli yangu.

Najua kila jioni mnasali rozari ili nirudi upesi. Nakuomba uwaambie waache. Hamjui mnamwomba Mungu nini, Baba. Mimi najua, na kila jioni saa hiyo ikifika, nikiwa na taulo mkononi kando ya kitanda cha Bibi, naitikia amina.

Ni mimi mwanao,
Restituta