Kijiti Alichokigusa Mama Mkwe

Mjukuu wangu Kemi, babu anakusalimu, baba yako anakusalimu, shangazi Koku naye, hata ng'ombe anakuulizia. Hapa Muleba tu wazima, ila nakuwaza.

Umeuliza kama kijiti cha uzazi wa mpango kinaharibu kizazi. Mimi niliwekewa mkononi baada ya kumzaa baba yako. Siku moja nimepiga magoti kumsalimu mama mkwe, akanishika mkono, akakigusa.

"Umemfungia mwanangu mlango?"

"Sijafunga, mama. Nimeurudishia tu."

Akaninunia, mpaka kilipotolewa nikapata mimba ya Koku. Basi Koku huyo alimbeba mwenyewe, hata mimi hanipi mpaka mtoto alie njaa.

Usiwasikilize majirani wa Hamugembe, muulize nesi. Atakalokuambia nijulishe upesi, maana bibi yako hatulii.