Nimeisimamisha Treni Ambayo Baba Hakuisimamisha

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, na tafadhali usinitaje jina, ingawa nadhani hata ukilitaja hakuna atakayelitambua, maana darasani wananiita Bubu na nyumbani baba ananiita mama, jina lenyewe limebaki kwenye vyeti tu. Nina miaka kumi na sita. Barua hii nimeiandika mara tatu na zote nilianza na neno samahani, kwa hiyo hii nimeamua kuanza na treni.

Baba yangu ni dereva wa treni, mwaka wa kumi na tisa huu, au alikuwa, hilo ndilo bado halijaamuliwa. Mimi naendesha treni kwenye kompyuta, ni mchezo, lakini siyo wa kukusanya pointi wala kulipua vitu, unakaa kwenye kiti cha dereva, unaona dirisha, mshale wa mwendo na mshale wa breki, basi, na safari ya saa moja na dakika arobaini inachukua saa moja na dakika arobaini. Mwanzoni niliendesha na misaada yote, yaani kwenye skrini unaandikiwa kwamba taa inayofuata ni nyekundu, zimebaki mita mia sita, punguza mwendo, na stesheni kuna mshale unaokuonyesha pa kusimama. Siku moja baba alipita na kikombe chake cha chai, akasimama nyuma yangu, akatazama kidogo, akasema, "Mama, hiyo siyo treni. Hiyo ni lifti."

"Kwa nini, baba?"

"Wewe unabonyeza tu, mwingine ndiye anayejua unakwenda wapi. Zima hayo maandishi. Sisi huko hakuna anayetuandikia hewani."

Nikazima. Wiki ya kwanza nilizipita stesheni zote, abiria wa kompyuta wakabaki wamesimama na mizigo yao, kama wangekuwa watu kweli wangenitafuta mpaka nyumbani. Halafu nikaanza kujifunza. Kuna mtu mahali fulani, simjui, aliyeitengeneza ndani ya mchezo ile njia anayoendesha baba, si sawasawa kabisa lakini inafanana, na baba akanifundisha kuisoma kwa macho: tanki la maji, acha kuongeza mwendo, ukuta mrefu wa kiwanda cha magodoro, breki ya kwanza, ukuta ukiisha, sikiliza magurudumu, yakibadilisha sauti umeshafika kwenye njia panda. Niliandika yote kwenye daftari. Baba alikuwa anakaa sebuleni, kati yetu ukuta mmoja, akisikia breki zangu anapaza sauti, "Hiyo umefunga kwa pupa, mama. Huko nyuma wamemwagikiwa chai wote." Na mimi nacheka peke yangu. Mshauri, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya siku nzima, kwa sababu shuleni naweza kutoka asubuhi mpaka jioni nimesema "nipo" wakati wa kuitwa majina na nikamaliza.

Wiki saba zilizopita, mchana, mvua ikinyesha, baba alipita taa nyekundu. Kwanza kunakuwa na taa ya njano, inayokuambia jiandae, inayofuata ni nyekundu, na baba anasema njano aliiona na breki akafunga, lakini reli zilikuwa zimelowa, treni ikateleza, ikaipita nyekundu kwa urefu wa mabehewa matatu ndipo ikasimama. Hakuna aliyeumia, upande wa pili hapakuwa na treni. Lakini wamemsimamisha kazi, na sasa anakaa sebuleni kila siku amevaa shati la kazi lililopigwa pasi, hana pa kwenda nalo. Mama yangu anafua mashuka ya hospitali, akirudi mikono imevimba, ananiambia, "Mwache babako apumzike." Basi tunamwacha. Tunamwacha sana. Kuhusu siku ile nimemsikia akisema sentensi moja tu, alikuwa anaongea na simu: "Pale hakuna dereva ambaye angesimama."

Sasa hapa ndipo pa aibu. Nilitaka kumsaidia. Nikaweka kwenye mchezo njia ile, saa ile, mvua, mabehewa tisa kama siku ile, nikaipanga ile taa iwe nyekundu, misaada yote nimezima, nikavaa spika za masikioni ili asisikie. Nilitaka nishindwe. Nilitaka niipite nyekundu, niende sebuleni nimwambie, baba, hata mimi nimepita. Nikasimama. Nikarudia, nikasimama. Nikaongeza mvua mpaka dirishani sioni vizuri, nikasimama. Mara kumi na moja, Mshauri, na zote nimesimama, moja nilibakiza nafasi ya kuegesha basi zima. Tangu hapo nikimwona na lile shati napata hasira ambayo sijui niiweke wapi, namsalimia nikiwa nimeshampita, na kule chumbani nimeacha kabisa kuvua spika za masikioni.

Halafu ikaja barua ya kamati inayochunguza tukio lile. Wanataka maelezo yake kwa maandishi, kwa lugha ya ofisini, na baba lugha ile anaijua ya majina ya stesheni na namba za mabehewa, siyo ya kujitetea. Mimi nasoma shule ya lugha mbili, na yeye ndiye aliyenipeleka. Akaniletea karatasi mbili za mwandiko wake, maneno mengine ameyakata mara mbili mbili, akasema, "Mama, wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Nigeuzie hii iingie kwenye lugha ya wakubwa." Niligeuza kila kitu alivyoandika mpaka nikafika kwenye ile sentensi, kwamba alifunga breki mara tu alipoiona njano na kwamba hakuna dereva ambaye angesimama pale, na mkono ukakataa. Nikairuka pamoja na maelezo yake yote. Mahali pake nikaandika: nilichelewa kufunga breki, naomba radhi.

Nikamwekea mbele. Akaitazama kama anavyotazama ratiba, kwa kidole.

"Mbona imekuwa fupi?"

"Lugha yao ni fupi, baba."

Akacheka, kicheko cha kwanza tangu siku ile. "Ndiyo maana wanasaini haraka," akasema, akasaini.

Bahasha iko kwenye begi langu la shule, na mimi ndiye niliyetumwa kuipeleka Ijumaa. Nikiipeleka nitakuwa nimesema ukweli, lakini kwa mkono wake. Nikimwambia, itabidi nimwambie na zile mara kumi na moja, na sijui mtu huwa anaanzaje kumwambia baba yake kitu kama hicho. Sina mwingine wa kumuuliza, mtu niliyekuwa namuuliza mambo ni yeye. Nifanye nini?

Ni mimi,
Bubu wa Chumba cha Nyuma

*

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu,

Barua hapa mezani hupangwa foleni, yako nimeipitisha mbele kwa sababu ya hiyo Ijumaa. Nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikuonea huruma, ya pili nikatamani kukuvuta sikio, na nitaanza na sikio.

Ulichofanya ni kumtia mtu maneno mdomoni kisha ukamshikisha kalamu. Usiniambie ni ukweli. Hata kama babako alichelewa kweli, kukiri ni kwake. Akikiri mwenyewe, ni mtu mzima amesimama mbele ya wenzake akasema. Ukimkiria wewe, ni mtu aliyeuzwa ndani ya nyumba yake na anayemwamini kuliko wote, na siku kamati itakapomsomea barua ile atalijua hilo mbele ya wageni, akiwa amevaa lile shati. Hebu ikae picha hiyo kichwani mwako kidogo. Umeiona? Basi tuendelee.

Sasa hizo mara kumi na moja. Mimi treni nazijua kwa kupanda tu, lakini nakuuliza: ulipokuwa unapita kwenye ukuta wa magodoro, ulikuwa unangoja nini? Ulikuwa unangoja taa nyekundu. Wewe mwenyewe ndiye uliyeiweka. Ulizima kila andiko la kwenye skrini ukaacha moja, kubwa kuliko yote, lililokuwa limeandikwa kichwani mwako. Babako hakuwa nalo. Yeye amepita pale miaka kumi na tisa, na sidhani kama siku nyingi amekuta nyekundu. Ulimpima mtu aliyeshtukizwa kwa kutumia mtu aliyejiandaa, tena mara kumi na moja, kisha ukatoa hukumu. Na reli zako zimelowa kwa kadiri alivyokisia huyo fundi wa mchezo msiyemjua, ambaye wewe mwenyewe unasema njia yake si sawasawa.

Kwa hiyo huenda babako alichelewa. Huenda hakuchelewa. Mimi sijui, na wewe, mwanangu, hujui, ingawa wiki hizi zote umemnunia kama unayejua. Kamati ina watu wa kupima reli na breki. Waachie kazi yao.

Hasira yako naielewa ilikotoka, na hapa ndipo huruma yangu ilipo. Ulikuwa na mtu mmoja wa kuzungumza naye, tena kupitia ukutani, akanyamaza. Wewe ukaziba masikio, mama amechoka anasema mwache, na yeye kila asubuhi anapiga pasi. Nyumba ya watu watatu, kila mmoja anamwonea mwenzake huruma kwa mbali. Katika wiki saba hizo, kwenye barua yako nzima, sijaona mahali ambapo mtu wa nyumba hiyo amemuuliza nini kilitokea. Umemsikia akimwambia mtu wa simu. Wewe umeiuliza kompyuta.

Haya, sikiliza utakavyofanya.

Leo, siyo Alhamisi. Ukitoka shuleni, kabla hujagusa kompyuta, toa bahasha, nenda sebuleni nayo pamoja na zile karatasi mbili za mwandiko wake. Usianze na mara kumi na moja, utajisikia mwerevu na yeye atajisikia mjinga. Anza hivi: "Baba, barua uliyosaini siyo uliyoniambia niandike." Kisha mtafsirie ulichokiandika wewe, chote, pamoja na hilo la kuomba radhi. Atakasirika. Anaweza kunyanyuka akatoka nje. Wewe baki umekaa hapohapo mpaka arudi, usikimbilie chumbani. Ichane barua ile mbele yake. Na mama akirudi mwambie naye, asilale na jambo hili likiwa la watu wawili.

Zile mara kumi na moja mwambie, lakini mwambie kama zilivyokuwa, kuanzia mwanzo: kwamba ulikaa kwenye kile kiti ukitaka kushindwa ili uwe upande wake. Hilo ndilo alisikie kwanza. Mengine ataelewa, yeye ni dereva, atakuonyesha makosa ya majaribio yako vizuri kuliko nilivyoweza mimi.

Kisha mtaandika barua upya. Utageuza anachosema yeye, neno kwa neno, hata lile usiloliamini, na kila sentensi utamsomea kwa lugha zote mbili kabla hajasaini. Mkono ukikataa tena, sema, "Baba, hii siwezi," atafute mwalimu au karani amwandikie. Kukataa waziwazi ni haki yako. Kubadilisha kimyakimya siyo haki ya mtu yeyote.

Lakini kabla ya kuandika hata neno moja, muulize kile ambacho hakuna aliyemuuliza: "Baba, siku ile pale mbele ulikuwa unaona nini?" Atakuambia vipande vipande, atarudi nyuma, atakatiza sentensi katikati. Mwache. Usimsaidie maneno, na usichukue kalamu mpaka amalize.